Damu nyingi, kesi ndogo

Vijana wawili wamepigwa kwenye ugomvi mmoja wa kilabuni. Wa kwanza kapasuliwa utosini kwa chupa, shati zima limelowa damu. Wa pili kala kofi moja la sikio, hakudondosha hata tone. Uliza mtaani kesi kubwa ni ya nani, wote watakutajia mwenye shati jekundu. Lakini utosi ukishonwa, nywele zikaota na maisha yakaendelea, huenda tukabaki na kujeruhi au shambulio la kudhuru mwili. Lile sikio likiziba moja kwa moja, hapo tumefika kwenye madhara makubwa.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, haipimi damu. Jeraha, kwa tafsiri yake, ni chale au tundu lililopita kwenye ngozi ya nje, basi. Madhara makubwa ni jambo jingine: kilema, dhara la kuhatarisha maisha, afya kuharibika vibaya au daima, sura kuharibika isirudi, au kiungo na hisi kuumia vibaya. Bandama iliyopasuka kwa teke imo humo ingawa ngozi haina mkwaruzo.

Kwa kifungu cha 225, kinachohusu kosa la kusababisha madhara makubwa, kwa namba tulizozizoea, upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kwamba dhara limefikia kiwango hicho, kwamba limetendwa kinyume cha sheria (aliyejilinda kwa kiasi kinachostahili hajavunja sheria), na kwamba aliyelitenda ni huyu aliyesimama kizimbani. Adhabu inaweza kufika miaka 7. Hakuna sharti kwamba alidhamiria kukutia kilema.

Nia ndiyo inayotufikisha kifungu cha 222, na huko mlango wa kifungo cha maisha uko wazi. Kinachonishangaza ni jinsi wengi wasivyojua kwamba kifungu hicho hakisubiri uumie. Mtu akikurushia panga kwa nia ya kukudhuru vibaya, ukainama likapita, bado katenda kosa. Utetezi wa "sijamgusa hata kidogo" unaopendwa sana kwenye vikao vya ukoo haumsaidii.

Maoni yangu ni kwamba waendesha mashtaka wanaiogopa 222 bila sababu. Husemwa kuwa nia imo moyoni, nani ataiona? Mbona kwenye mauaji tunaiona? Mahakama ya Rufani, katika shauri la mauaji la Enock Kipela, ilieleza tuangalie nini: silaha iliyotumika, nguvu, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, maneno ya mshambuliaji, mwenendo wake kabla na baada. Mtu aliyeondoka kilabuni, akaenda nyumbani kuchukua panga, akarudi, akalenga shingo, kwa nini ashtakiwe kana kwamba alipandwa na hasira palepale? Mwathirika kupona ni kazi ya daktari. Mshtakiwa asijivunie hilo.

Halafu kuna PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza akimpima majeruhi. Karatasi hii inabeba mzigo mzito, nayo mara nyingi hujazwa kwa mistari miwili: "kaumia kichwani, katibiwa." Hakimu afanye nini na hayo? Anahitaji kujua mfupa ulivunjika au la, jicho linaona kiasi gani, ulemavu ni wa kudumu au wa wiki tatu. Daktari akiandika tu "madhara makubwa" bila kueleza alichokiona, kaamua kesi badala ya kumpa hakimu ushahidi. Nako mahakamani fomu hiyo ikipokelewa bila mshtakiwa kuelezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe kuhojiwa, huondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa. Ushahidi wa mdomo wa waliomwona majeruhi huweza kuziba pengo, lakini nani anataka kubahatisha?

Kuhusu "tumalizane kifamilia", Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mahakama kuhimiza usuluhishi kwenye shambulio la kawaida na makosa mengine madogo ya kibinafsi. Madhara makubwa hayamo. Mbuzi wawili na fedha za dawa vinaweza kumtuliza mlalamikaji, na hata kumfanya asionekane mahakamani, lakini kesi hiyo ni ya Jamhuri, na shangazi aliyeongoza kikao hana mamlaka ya kuifuta.