Kikombe cha Mkono wa Mungu

Baba mkwe wangu anaamini Maradona, yule nyota wa soka wa Argentina, alifunga kwa kichwa. Sisemi lile goli la pili la kuwapiga chenga Waingereza kuanzia katikati ya uwanja. Nasema la kwanza, la dakika ya 51, robo fainali ya Kombe la Dunia, uwanja wa Azteca kule Mexico, tarehe 22 Juni 1986. Dunia nzima iliona mkono. Baba mkwe aliona kichwa, na shahidi wake mkuu ni refa Mtunisia, ambaye naye hakuona mkono. Ukimwambia kipa wa Waingereza, Shilton, alimzidi Maradona karibu sentimita 20, na bado alikuwa amenyoosha mkono, anakujibu, "Kuruka ni kipaji." Ukimkumbusha kwamba Maradona mwenyewe alisema goli lilifungwa kidogo kwa kichwa chake na kidogo kwa mkono wa Mungu, mzee anachukua nusu ya kwanza na kufunga mjadala.

Sasa mkwe habishiwi. Rafiki ungemwambia aache ujinga. Mkwe unamwambia "Ndiyo, mzee," kisha unakwenda kujibishana na ukuta. Ndipo nikapata wazo: kisemacho ukweli si lazima kiwe mimi. Kiwe kikombe.

Nilimpata muuzaji wa vikombe vya picha za mechi. Alikuwa na aina mbili, na mimi nikavutiwa na ile ya maajabu: kikiwa baridi ni cheusi tii, ukitia kitu cha moto weusi unayeyuka na picha inajitokeza. Nikaagiza picha ya mkono, kandoni namba 10 kubwa, chini yake MKONO WA MUNGU. Kazi yenyewe si ya ajabu sana. Picha huchapwa kwenye karatasi maalumu, karatasi ikazungushiwa kikombe, kikabanwa kwenye mashine yenye joto la karibu nyuzi 200 hadi wino ugeuke mvuke na kunasa. Lakini kuna sharti: kwenye karatasi picha lazima ichapwe kinyume, ili ikihamia kwenye kikombe ikae sawa. Muuzaji wangu, Mungu amsaidie, alichapa sawa.

Hilo sikulijua, kwa sababu kikombe kilifika kikiwa baridi, cheusi, kimefungwa vizuri. Nikakipeleka vivyo hivyo siku ya kuzaliwa kwa mzee.

Mama mkwe akamimina chai. Nusu kikombe, maana mzee hapendi kikombe kifurike. Tukainama wote kutazama. Vikaanza kutokea viatu. Soksi. Magoti. Bukta mbili. Halafu basi. Picha ikagoma kifuani.

"Ni akina nani hawa wasio na vichwa?" mzee akauliza.

"Subiri, mzee. Mkono uko juu."

"Mimi juu naona giza."

Nikamwomba mama aongeze chai, akaongeza mpaka ukingoni. Weusi ukapanda kama pazia, na hatimaye mkono ukatokea, ngumi juu ya kichwa, mpira pale pale! Nilitaka kushangilia. Mzee akavaa miwani, akakigeuza kikombe taratibu kwa kushika kishikio chake, akakisoma kama mkataba wa shamba.

"Hayo maandishi ni ya lugha gani?" mama mkwe akauliza.

"Niacheni," mzee akasema. "Maradona alipiga mkono upi, kwa mujibu wenu?"

"Wa kushoto, mzee."

"Huyu kanyanyua wa kulia. Na namba yake ni 01. Huyu ni kipa. Kipa akiugusa mpira kwa mkono, kosa liko wapi?"

Shemeji zangu walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mimi nikampigia muuzaji simu palepale. Hakushtuka hata kidogo. "Kitazame kwenye kioo," akaniambia, "utaona kiko sahihi kabisa."

Nilitaka kumtukana, kisha nikaona kumbe kasema kweli. Marefa wa leo si wanakimbilia skrini kutazama marudio? Nikamwomba mzee twende kwenye kioo kirefu cha ukumbini. Akakubali, ila kikombe ni zawadi yake na atakibeba mwenyewe. Tukaandamana, ukoo mzima nyuma yake. Hatua ya tatu hivi, chai ikamcheza ukingoni, naye akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akapiga funda kubwa.

"Mzee, usinywe!" nikapiga kelele. "Huo ni ushahidi!"

Nikarukia kikombe. Yeye akakivuta. Chai ikachagua shati langu jeupe, na iliyobaki ikaingia kwenye kandambili zake. Tulipofika kwenye kioo, kikombe kilikuwa na robo tu, na sehemu ya juu imeshaanza kupoa. Kwenye kioo namba ilisomeka 10, vizuri kabisa. Maandishi nayo yalikaa sawa. Lakini weusi ulikuwa umeshuka hadi kwenye nywele za Maradona, na juu ya nywele hakuna ngumi wala mpira.

Mzee akajisogeza karibu. Akatazama kioo, akatazama kikombe, akanitazama mimi ninayechuruzika.

"Sasa huyu ndiye Maradona," akasema. "Na hicho ninachokiona ni kichwa."

Mama mkwe hakuwa na upande. Alinikabidhi dekio, akamwongezea mzee chai. Nusu kikombe.