Mkataba bila wakubwa si karatasi tupu

Kwenye kijiwe cha kahawa hapa Mwanga, Kigoma, mjadala wa silaha zinazojichagulia wa kumpiga huishia pale pale: mataifa makubwa yasiposaini, mkataba wa kuzipiga marufuku ni karatasi tu. Najua hoja hiyo wanakoitoa. Geneva, kwenye vikao vya Umoja wa Mataifa, nchi zinalijadili suala hili tangu 2014, na kwa kuwa kule uamuzi hupita kwa maafikiano ya wote, nchi moja ikigoma kikao kimekwama.

Wapo pia wanaosema sheria za vita zilizopo zinatosha, na kwamba mashine haina hasira wala kisasi. Hoja hiyo ina uzito. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani kwetu, imejaa watu waliokimbia binadamu wenye bunduki, si mashine.

Lakini simama Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, usiku wa giza. Taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, na katikati yake inakuja boti isiyo na taa kutoka upande wa Kongo, watu wamebanana. Huenda ni waasi. Huenda ni akina mama, watoto na magodoro yao. Kamera ya joto inaonyesha miili tu. Askari anaweza kupaza sauti akauliza, au akasubiri kupambazuke. Akikosea, ana jina na anashtakika. Programu ikikosea tumshike nani: aliyeiandika, aliyeinunua au aliyeiwasha?

Ndiyo maana siidharau kura ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ya Disemba 2024. Nchi 166 ziliunga mkono azimio kuhusu silaha hizi, 15 hazikuegemea upande, zikapinga 3 tu: Urusi, Belarus na Korea Kaskazini. Mwaka mmoja kabla ya hapo zilikuwa 152 kwa 4. Azimio halimfungi mtu, kweli. Ila 166! Mwiko wa mataifa huanza hivyo: jambo linakuwa aibu kwanza, kosa baadaye.

Bomu la kutegwa ardhini ni ndugu mkubwa wa silaha hizi. Nalo halijui mguu wa askari na wa mtoto. Nchi 122 zilisaini mkataba wa kulipiga marufuku, Ottawa, Kanada, 1997. Marekani, Urusi na China hazikuwemo. Hata hivyo Marekani iliacha kuyatengeneza mabomu hayo kwa miaka mingi. Mwaka 2025 Finland, Poland na nchi tatu za Baltiki ziliamua kujitoa kwenye mkataba huo, na hilo linaniuma. Lakini hata kutoka kwenyewe kulihitaji kura bungeni, barua yenye sababu kwa Umoja wa Mataifa, na miezi 6 ya kungoja.