Jaketi lililo chini ya kiti halimwokoi mtu

Makala moja niliyosoma kuhusu usalama majini imehimiza boti ya matembezi iwe na majaketi ya kuokolea ya kutosha. Kuwa nayo tu hakutoshi. Mtu akishaanguka majini, kuvaa jaketi kwenye mawimbi ni kazi ngumu mno. Livaliwe kabla ya kung'oa nanga, mikanda ikazwe, na la mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, la sivyo litamchomoka kichwani.

Kilichosahaulika kabisa kwenye makala hiyo ni ile kamba ya kuzimia injini. Nahodha aifunge pajani, na aikague isikwame kwenye usukani. Akirushwa nje, kamba inachomoka na injini inazimika papo hapo. Bila hiyo, boti huzunguka yenyewe na kurudi pale pale alipoangukia, propela ikiwa bado inakata maji. Majeraha yake ni mabaya sana, jamani, na kamba yenyewe ni kitu kidogo tu!

Mafuta: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya akiba. Redio ya VHF, yaani ile ya mawasiliano ya baharini, ibaki chaneli ya 16, ambayo ndiyo ya kuitia msaada. Simu hukosa mtandao mkiwa mbali na pwani.