Mzoefu wa Watoto wa Wenzake

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawatangazia karibu wote mnaonifuatilia kwamba juzi nilizimia mbele ya mama mkwe wangu kwa sababu ya nepi, naomba kumbukumbu ziwekwe sawa: sikuzimia. Nilikaa sakafuni kwa hiari yangu, nikiwa na fahamu zangu zote, na ni afadhali zingenitoka.

Majigambo yangu mnayakumbuka, maana ni ninyi mlioyavumilia kwa muda wote wa ujauzito. Mimi ni kifungua mimba. Wadogo zangu, wote wa kike, wamekulia mapajani mwangu, na wapwa zangu wa kike nimewaogesha, nimewabembeleza na nimewapigapiga mgongoni hadi wakacheua. Kila aliyeniuliza kama ninaogopa kuitwa baba nilimjibu kwamba kwangu mimi mtoto si mgeni. Na sikudanganya, jamani. Mikono hii inajua kuishika shingo ya mtoto isilegee, na sikio langu hutofautisha kilio cha njaa na kilio cha usingizi.

Jambo ambalo hakuna aliyenitajia, labda kwa adabu, ni kwamba watoto hao wote walinifikia wakiwa wameshajua kutabasamu, na walikuja mchana. Yule anayenyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24, usiku ukiwemo, alikuwa kwa mama yake na mimi nilikuwa nimelala. Isitoshe, mtoto wa kuazima akizidisha kilio humrudisha kwa mwenyewe. Huyu wa sasa, kila nikigeuka huku na huku kumtafuta mwenyewe, nakuta watu wote wananitazama mimi.

Basi, tuingie chumbani. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kunyonyesha. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, na rafiki yangu, ambaye kuanzia leo atakuwa anakaribishwa nje, alisimama mlangoni. Mke wangu aliponyoosha mikono ampe mama yake mtoto abadilishwe nepi, nilisogea mbele nikasema kwa sauti ambayo hadi sasa inanichoma masikioni: "Mama, wewe pumzika. Kazi hii ninaimudu."

Nilitandika kitambaa. Nilimlaza mtoto chali, taratibu, huku nikieleza kila hatua ingawa hakuna aliyeuliza. Nilibandua gundi ya nepi upande wa kushoto, nikabandua ya kulia, nikamwinamia kwa karibu kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo kiasi cha sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, nami nilitaka auone uso wa mtaalamu. Kisha nikawageukia watazamaji kidogo, nikaanza kusema kwamba siri kubwa ya malezi ni utulivu, na mkono wangu ukaifunua nepi.

Nimeshasema kwamba wadogo zangu wote ni wa kike, na wapwa zangu pia. Naomba mlizingatie hilo mnaponihukumu.

Hewa ya baridi ilimgusa kijana, naye akaitikia. Niliuona mkojo ukipanda. Niliuona ukifika juu na kujipinda kuja upande wangu, na nikapata hata nafasi ya kustaajabu kwamba kiumbe mdogo kiasi kile ana shabaha namna ile. Nafasi ambayo sikuipata ni ya kufumba mdomo, kwa kuwa bado nilikuwa katikati ya neno "utulivu".

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi, mzoefu, niliinua miguu yake yote miwili kwa haraka ili nipitishe nepi safi. Sasa, maziwa yakiingia tumboni mwa mtoto mchanga huamsha matumbo yafanye kazi, na huyu alikuwa ametoka kushiba. Ukiongeza miguu inayolibana tumbo kwa juu, majibu yake yalinifika mara moja, ya njano, mepesi, kuanzia kifuani hadi kiwikoni. Nilipiga ukelele: "Mama!" Mtoto alishtuka, akatawanya mikono yote miwili hewani kama watoto wachanga wafanyavyo wakisikia kishindo, kisha akalia kwa nguvu kuliko mimi, ingawa rafiki yangu anashikilia kwamba tulilingana. Anasimulia pia kwamba machozi yalimwagika. Mtoto wa umri huu hulia bila machozi, kwa hiyo mtajaza wenyewe.

Hapo ndipo nilipokaa sakafuni.

Yaliyofuata hayana urefu. Mama mkwe aliinuka, akamfuta mtoto, akafunga nepi kwa kasi ambayo macho yangu hayakuifuatilia, akamrudisha kwa mke wangu, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa mto huku mabega yakimcheza. Mimi nilikwenda kuoga. Niliporudi, mama mkwe alinitazama kwa upole mkubwa, akaniuliza: "Baba, hao wadogo zako uliowalea, wote wako hai?"

Nilimjibu kwamba wako hai wote na wana afya njema, na kwamba akitaka anaweza kumpigia simu yeyote kati yao athibitishe.

Akaomba namba.