Programu ya kusanifu tovuti ipimwe kwenye mlango wa kutokea

Maonyesho ya programu za kusanifu tovuti hufanana karibu yote. Mtu anaburuta picha, anadondosha kitufe, anabadili rangi, na dakika chache baadaye ukurasa umekamilika. Wanaozilinganisha nao hufuata mkondo uleule: ipi ina violezo vingi, ipi ina mbwembwe zaidi. Kwa anayejifunza, hilo linatosha. Kwa anayelipwa na mteja ambaye tovuti yake itatumika miaka mingi, swali la kwanza liwe jingine: siku tukiihama programu hii, au wenyewe wakiifunga, tutabaki na nini mkononi?

Yamekwishatokea. Mwaka 2012 kampuni ya Adobe ilitoa programu ya Muse, ikiwalenga wasanifu wasiotaka kugusa msimbo, yaani maandishi ya kompyuta yanayounda tovuti. Machi 2018 ikatangaza kuacha kuiendeleza, na Machi 2020 msaada wa kiufundi ukakoma. Tovuti zilizokwisha kuchapishwa hazikuzimika, lakini HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, iliyotoka humo iliandikwa na mashine bila kumfikiria binadamu atakayeisoma. Kuirekebisha kwa mkono ni kazi ya kukatisha tamaa. Mara nyingi ni nafuu kuanza upya.

Ilinganishe na Dreamweaver, iliyotolewa na Macromedia mwaka 1997, kabla Adobe haijainunua kampuni hiyo. Wengi huicheka kwa uzee, na mimi mwenyewe siishabikii. Lakini kinachotoka humo ni mafaili ya kawaida ya HTML na CSS, lugha ya kupangia muonekano wa kurasa. Ya miaka ishirini iliyopita yanafunguka leo katika kihariri chochote cha maandishi, hata cha bure.

Hata hivyo, wanaotetea huduma za kukodi, zile ambazo usanifu, seva na usalama vyote viko kwa mwenye huduma, wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri sisi tuliozoea kuandika msimbo. Tovuti ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti unayoweza kuiweka kwenye seva yako, ni yako kweli: msimbo uko wazi na data inahamishika. Lakini programu-jalizi zake, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, zinataka kusasishwa kila mara, na ile iliyosahaulika ndiyo wadukuzi huitafuta. Mwenye biashara ndogo asiye na fundi wa kudumu atafaidi nini uhuru wa kuhama, ikiwa tovuti imeshavamiwa? Kwa mtu huyo hata Wix, mojawapo ya huduma hizo za kukodi, ambayo hairuhusu kuibeba tovuti na kuipeleka kwenye seva nyingine, yaweza kuwa uamuzi wa busara. Sharti lake ni moja: ajue anachokiacha kabla ya kulipa, asije akakigundua siku ya kuhama.

Webflow, huduma nyingine ya kusanifu tovuti, iko katikati, na ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi. Ukiwa kwenye kifurushi cha kulipia kinachoruhusu, unaweza kupakua HTML, CSS na JavaScript (msimbo wa vitendo vya ukurasa) ya tovuti yako. Tatizo ni kwamba fomu haziendi tena popote, na maudhui yaliyokuwa yakitoka kwenye hifadhidata yake hayaji pamoja na kurasa. Huna budi kuyatoa kando kama majedwali. Kwa tovuti ya kurasa tano zisizobadilika, mlango uko wazi. Kwa tovuti ya habari yenye makala elfu moja, huo si mlango, ni dirisha.

Figma nayo huingizwa kwenye mizani hii, ingawa jina lake ilijengea kwenye kuchora muonekano, si kutengeneza tovuti. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, watu kadhaa wakichora pamoja, wakati programu ya Sketch imejifunga kwenye Mac. Kwa timu, hapo mjadala huisha. Ila Septemba 2022 Adobe ilitangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20, na mpango huo ukavunjwa Desemba 2023 kwa sababu ya upinzani wa wadhibiti wa ushindani wa kibiashara wa Ulaya na Uingereza. Muda wote huo, waliokuwa wameweka kazi yao yote humo walikuwa watazamaji tu. Penpot, programu nyingine ya kuchora muonekano, ambayo msimbo wake ni wa wazi na unaweza kuiweka kwenye seva yako, ilianza kuangaliwa kwa jicho jingine.

Kwa hiyo kipindi cha majaribio ya bure kisiishie kwenye kuchezea violezo. Tengeneza ukurasa mmoja wenye fomu, menyu na picha kadhaa. Weka kipanya kando ujaribu kuutumia kwa kibodi pekee. Zana nyingi za kuburuta huacha vitufe vilivyo visanduku vya rangi tu, ambavyo kibodi haivifikii wala kisoma-skrini, programu inayowasomea wasioona, hakivitambui. Kisha pakua kila kinachopakulika, ukiweke kwenye seva ya kawaida, na umwombe mwenzako asiyeijua programu hiyo abadilishe kitu kimoja kwenye menyu. Akiweza, endelea kuuliza bei.