Mmoja kati ya 133

Kwenye soko la Kibuye, Kisumu, mama hujaza gorogoro ya wimbi mpaka ifanye kilele. Ingia supermaketi ukute pakiti ndogo imeandikwa "haina gluteni", bei yake utadhani ni dawa. Wimbi la Kibuye nalo halina gluteni, ile protini ya ngano, na halikuwahi kuwa nayo. Ndiyo maana ukitaja siliaki huku, ugonjwa ambao gluteni huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, watu hucheka: huo ni ugonjwa wa walioshiba, sisi tuna minyoo, amiba na taifodi.

Wana hoja. Ugali, mtama na muhogo havina gluteni. Tena gumzo la "utumbo unaovuja", wazo kwamba ukuta wa utumbo ukilegea huleta magonjwa kama siliaki, limegeuka biashara: mwaka 2018 ilionyeshwa kuwa kipimo kinachouzwa na kutumika sana cha zonulini, protini inayolegeza ukuta huo, hakipimi zonulini yenyewe, na jaribio kubwa la larazotidi, dawa iliyotokana na wazo hilo, likasitishwa 2022.

Ila mwenye wazo, Alessio Fasano, daktari wa watoto kutoka Italia, hakuanzia kwenye mkate. Alikuwa Marekani akitafuta chanjo ya kipindupindu, akakuta sumu ya bakteria inayolegeza mishikamano ya seli za utumbo. Sumu hiyo ndiyo iliyomfikisha, mwaka 2000, kwenye zonulini, protini ya mwili wenyewe inayofanya kazi ileile. Sisi wa Kisumu, tunaokijua kipindupindu, hatuna sababu ya kumwona mgeni.

Na ile hesabu yake ya 2003 hainitoki kichwani. Madaktari wa Marekani walikuwa wakisema siliaki ni nadra. Yeye na wenzake wakapima damu za watu zaidi ya 13,000: kwa wasio na dalili wala jamaa mgonjwa, mmoja kati ya 133 anao. Kwa mzazi, mtoto au ndugu wa mgonjwa, mmoja kati ya 22. Matumbo ya Wamarekani yalikuwa yaleyale. Ni kwamba safari hii mtu alipima. Kijiji cha watu 800 kingekuwa na sita. Siihamishii hesabu hiyo Kondele, hapa Kisumu, lakini nani amepima Kondele? Kwa watoto wa Wasahrawi, Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi, utafiti wa 1999 ulipata zaidi ya watano kati ya 100.

Mtoto anahara, tumbo limevimba, damu haitoshi. Dawa ya minyoo kwanza, sawa kabisa. Lakini ya tatu, ya nne? Asubuhi anakunywa chai kwa mandazi, jioni chapati, na ngano yenyewe Njoro wanalima.

Kuna anayesikia haya akaacha chapati leo, akapimwa baada ya miezi. Kingamwili ambazo kipimo cha damu huzitafuta zimeshashuka, karatasi inasema hana kitu. Apimwe kwanza, akiwa bado anakula.

Akipatikana nao, wimbi litamfaa, mradi kwenye posho mili aulize: kabla ya langu, mmesaga nini?