Mtoto ana kadi ya kliniki, mama yangu mwenye sukari hana hata karatasi

Nyinyi mnaofanya kazi ya kea, ya kuhudumia wazee majumbani huku Uingereza, mtanielewa haraka. Unafika kwa mzee asubuhi, kale kasanduku ka ufunguo ukutani unabonyeza namba, unaingia, unapiga hodi ya mdomo ili bibi wa watu asishtuke, na kabla hujawasha birika unafungua folda. Humo unakuta jana usiku alikuja nani, saa ngapi, bibi kala nini, kanywa vikombe vingapi, choo kapata au hajapata, ngozi ya mgongoni na kisigino ikoje, dawa ipi kameza na ipi kakataa. Dawa zenyewe zimetoka famasi zimeshapangwa kwenye pakiti yake, Jumatatu asubuhi, Jumatatu mchana, Jumatatu usiku, mpaka wiki iishe. Unabinya, anameza, unasaini. Siku hizi kampuni nyingi zimehamishia kwenye simu, usipotiki dawa ofisini wanaona na wanakupigia hujafika hata kituo cha basi, na inaudhi kweli maana mwenzio unakimbilia nyumba nyingine na mvua ya Leeds mnaijua. Lakini mi hiyo folda naipenda jamani. Mtu sijawahi kumuona maishani naingia kwake na kwa dakika mbili najua leo nianzie wapi.

Halafu napiga simu Tanga kumuulizia mama.

"Mama kaamkaje?" Mzima. "Sukari?" Iko sawa. "Sawa ngapi?" Aah, juzi alipimwa, dada ndo anajua. "Dada yuko wapi?" Kaenda sokoni.

Dada ndo anajua! Hapo ndo huwa nachemka. Mama ana presha na sukari miaka mingi, anachoma insulini, na habari zake zote ziko kichwani mwa huyo dada wa kazi, binti wa Lushoto aliyekuja pale kulea wajukuu, siku moja akaambiwa tu "na bibi pia umwangalie". Binti ana akili, simsemi vibaya hata kidogo, anajua mama hamezi kidonge kikubwa mpaka kivunjwe, anajua metformini bila chakula inamchafua tumbo. Ila akienda kwao Idi ameondoka nayo yote. Dawa zimekaa kwenye kopo la Blue Band, nyingine kwenye zile bahasha ndogo za hospitali zilizoandikwa 1x2 kwa kalamu, maandishi yameshafutika, za mwaka juzi zimelala pamoja na za mwezi huu. Insulini umeme ukikatika inahamia kwenye mtungi, na mtungi sina neno nao, unapoza vizuri tu, tatizo langu siyo mtungi.

Mwaka jana ilitokea hivi. Dada kamchoma mama asubuhi kama kawaida, akatoka kumpeleka mtoto shule. Shangazi kaja, kamkuta mama barazani, kamuuliza ushachomwa? Mama kasema bado. Mama ni mtu mzima sana, anasahau, ni haki yake kusahau. Shangazi kwa mapenzi yake yote akachukua sindano akamchoma tena. Kufika saa nne kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka, kila anayemwinamia anamwita kwa jina la marehemu kaka yake. Mmoja anasema ni presha imepanda, mwingine anasema hili si la hospitali aitwe mwalimu aje amsomee. Bahati pale jirani kuna kijana anasoma unesi, akasema hii ni sukari imeshuka, akaomba soda, akamnywesha kidogo kidogo mpaka akarudi kutujua, ndo wakamkimbiza kwa bajaji. Akapona, alhamdulillahi. Kikao cha familia kilichofuata unadhani tulijadili nini? Nani wa kulaumiwa. Shangazi akalia, dada akafungasha begi anataka kuondoka, kaka zangu wakatupiana maneno ya miaka ya nyuma. Mi nikaandika kwenye grupu, jamani tununue daftari, kila anayempa mama dawa au kumchoma aandike saa na jina lake, basi.

Nikaambiwa nimeanza uzungu.

Ndo maana naandika leo, kwa sababu hilo neno limenikaa. Uzungu uko wapi hapo? Kila mtoto Tanzania ana kadi ya kliniki, mama yake anaitunza kuliko cheti cha ndoa, ina uzito, ina chanjo, ina ule mstari unaopanda, akisafiri anakwenda nayo, nyumba ikiungua anaitoa kwanza. Hakuna aliyewahi kumwambia mzazi anajifanya mzungu. Dukani kwa Mangi kuna daftari la madeni, la mwaka mzima, hakosei hata nusu kilo ya sukari. Kamati ya harusi ndo usiseme, fulani kaahidi laki, katoa sitini, bado arobaini, na ukumbi mzima unajua. Kuandika tunaweza! Tumeamua tu kwamba mzee mgonjwa siyo kitu cha kuandikwa.

Halafu tunampeleka hospitali. Pale dirishani kuna bango "mpishe mzee kwanza", tunapishwa, tunashukuru, tunaingia kwa daktari, daktari anauliza anatumia dawa gani. Tunatazamana. "Vile vidonge vyeupe vidogo, na kimoja cha pinki." Daktari wa watu ana foleni mpaka getini, atafanya nini zaidi ya kuandika upya? Tunarudi na bahasha nyingine, inaingia kwenye kopo.

Sasa najua mnachotaka kusema, tena wengine mmeshaanza kuandika hapo chini kabla hamjafika nusu. "Mbeba boksi kajisahau, anaosha vizee vya kizungu halafu anakuja kutufundisha kumwosha mama yake." Ndiyo, naosha. Naosha, nageuza, nabadilisha pampasi, nawapaka krimu wasipate vidonda vya kulala, na mshahara wa hiyo kazi ndo unaonunua insulini ya mama, kwa hiyo tuheshimiane. (Na wale mnaonitumia CV inbox, nimeshasema, mlango wa visa ya kea kwa mtu aliye nje ya Uingereza umefungwa tangu Julai 2025, mimi siyo balozi.)

Mwingine atasema wazungu wanawatupa wazee wao. Hilo nitawapa, na nitaongeza la kwangu. Kuna nyumba kutwa nzima binadamu pekee anayeingia ni kea, nusu saa asubuhi, nusu saa mchana, basi. Kuna bibi anachelewesha kumeza makusudi. Anashika kidonge, anakitazama, ananihadithia mumewe alivyokuwa anaendesha lori, anameza, anashika kingine, anaanza hadithi nyingine, na mi najua, na yeye anajua kwamba najua, na saa inakimbia, na ule muda wa kutoka nyumba moja kwenda nyingine wengi wetu hatulipwi. Mwanawe yuko mji wa jirani. Mama yangu mimi hajawahi kula peke yake tangu nimjue, akikaa barazani shikamoo haziishi toka asubuhi mpaka magharibi, muuza samaki anamsimamia kumpigisha stori hata kama hanunui. Hiyo siibadilishi na kitu chochote cha huku, na kila nikifunga mlango wa yule bibi nasema namshukuru Mungu mama yangu hayuko hapa.

Ila hao wanaomsalimia barazani wote, asubuhi ile ya sindano mbili, hakuna hata mmoja aliyejua kachomwa ngapi. Hicho ndo ninachosema na sisemi kingine. Na tusidanganyane kwenye "sisi tunatunza wazee wetu". Mnaotunza ni akina nani? Kaka zangu wanatuma hela, Idi wanakuja wanapiga picha wamemkumbatia, caption malkia wangu. Anayeamka usiku kumpeleka chooni ni binti wa watu anayelipwa elfu themanini, na mlipaji akichelewa haulizi.

"Ulaya serikali ina hela." Ina, na siyo bure kama mnavyofikiri. Hapa England ukiwa na akiba zaidi ya pauni 23,250 halmashauri inakwambia ujilipie mwenyewe kea wako, ingawa ukihudumiwa nyumbani ile nyumba unayoishi hawaihesabu. Kuna posho ya wazee wanaohitaji msaada, haiangalii tajiri wala maskini, kwa mwaka wa malipo ulioanza Aprili 2025 kiwango cha juu kilikuwa pauni 110.40 kwa wiki. Insulini ya mzee asiyeweza kujichoma kea kwa kawaida haigusi, anakuja nesi wa mtaani na gari lake, anapima kwanza, anachoma, anaandika, anaondoka. Kwetu nesi huyo atoke wapi? Sibishani. Kenya 2023 walau waligawa mikoba kwa wahudumu wa afya wa mitaani karibu laki moja, ndani kuna mashine ya presha na ya sukari, na sisi wahudumu wa jamii tunao, waje wabishe hodi kwa wazee pia wasiishie kwa wajawazito. Hayo ni ya serikali, nikianza nayo sitamaliza leo.

Lakini daftari siyo la serikali. Daftari ni elfu mbili. Mashine ya presha nilituma, mnajua iko wapi? Kabatini, pamoja na vikombe vya wageni, imefungiwa "isiharibike". Ya sukari alileta binamu kutoka Muscat, stripi zilizokuja nayo, vile vipande vya kuwekea tone la damu, ziliisha, za aina ile Tanga hazipatikani, na zile zinazopatikana haziingiliani na mashine, sasa wajukuu wanaibonyeza kama kalkuleta. Yaani vifaa tunavyo, kadi tunazo, watu tunao, mapenzi tunayo ya kumwaga, halafu saa mbili asubuhi hakuna anayejua mama keshachomwa au bado.

Nilichoomba ni kidogo tu. Ukurasa mmoja kwa siku, safu tatu, saa, dawa, jina. Jumapili mtu apige picha arushe kwenye grupu. Dada kakubali siku hiyo hiyo, tena kauliza atumie kalamu nyekundu kwa insulini isichanganywe na vidonge, wazo ambalo hata kwenye mafunzo yetu huku sikulisikia. Shangazi kakubali ila anataka asomewe kwanza wenzake wameandika nini. Kaka mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli, kajibu "tutalijadili Idi". Nimemuuliza Idi ipi, ameisoma, tiki mbili za bluu, hajajibu mpaka sasa.